Mwendokasi ya Kimara kwa jicho la mazingira: moshi unapungua wapi, na unarudi kwa njia gani

Mwendokasi, yale mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, huwa inapimwa kwa mambo mawili: dakika za kusubiri na msukumano wa mlangoni. Hapa tunaipima kwa jambo la tatu, ambalo halionekani ukiwa umebanwa katikati ya watu: lita za mafuta na kilo za moshi kwa kila kichwa kinachoshuka Posta, katikati ya jiji. Tumechukua njia ya awamu ya kwanza, Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi yake ya Morocco na Gerezani, na kuilinganisha na gari dogo lenye mtu mmoja, lile linalotoka Kimara au Mbezi kila asubuhi kuelekea mjini na viti vinne vitupu.

Jibu tunalitoa mapema. Anayeacha gari nyumbani na kupanda mwendokasi anapunguza hewa ukaa ya safari yake kwa zaidi ya mara kumi, hata tukihesabu mabasi yanayorudi Kimara yakiwa karibu matupu. Ila faida hiyo haitokani na injini. Mabasi tunayoyahesabu hapa ni ya dizeli, injini za kawaida kabisa. Faida inatokana na basi kujaa na kutembea bila kusimamasimama, na yote mawili yanategemea ile njia yake ya katikati ya barabara. Njia ikivamiwa, au basi likikaa karakana, faida inayeyuka siku hiyo hiyo.

Kwa msomaji aliye nje ya Dar es Salaam: Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART, ulianzishwa 2007. Barabara ya awamu ya kwanza, kama kilomita 21 pamoja na matawi, ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mabasi yakaanza kubeba abiria Mei 2016. Yalianza 140, yote ya Golden Dragon: 39 marefu ya mita 18 yenye kiungo katikati, na 101 ya mita 12. Mwaka 2018 jiji likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, tuzo ya kimataifa ambayo ililistahili kwa jinsi njia ilivyochorwa.

Sasa hesabu. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa, na lita ya dizeli kama kilo 2.7. Wengi wanashangaa lita yenye uzito usiofika kilo moja inawezaje kutoa kilo mbili na ushee za hewa. Sababu ni kwamba kaboni iliyo ndani ya mafuta inashikana na oksijeni ya hewani wakati wa kuungua, na oksijeni ndiyo inayoongeza uzito. Kwa hiyo kila ukijaza lita 30 pale kituo cha mafuta, jua umenunua karibu kilo 70 za hewa ukaa ambazo bado hazijatoka kwenye ekzosi.

Kutoka Kimara hadi Kivukoni ni kama kilomita 16. Chukua gari dogo la kawaida la Kijapani, injini ya cc 1,300 hadi 1,500, aina ya Toyota IST au Vitz. Barabara ikiwa wazi linakwenda kilomita 13 au 14 kwa lita. Kwenye foleni ya asubuhi, AC imewashwa, gia inapanda na kushuka, linaangukia kilomita 8 kwa lita, na likiwa na plagi zilizochoka au chujio la hewa lililojaa vumbi linashuka zaidi ya hapo. Tushike 8. Safari moja inakula lita 2, yaani kilo 4.6 za hewa ukaa. Kwenda na kurudi ni lita 4. Kwa siku 22 za kazi unapata lita 88 na kilo 200 hivi kwa mwezi. Kwa miezi kumi na moja, ukitoa likizo, ni zaidi ya tani mbili, za mtu mmoja anayekwenda ofisini na kurudi.

Upande wa pili, basi refu la mita 18 katika kazi ya mjini linakula kama lita 60 kwa kilomita 100. Kilomita 16 ni lita 9.6, sawa na kilo 26 za hewa ukaa. Kwa asubuhi iliyojaa watu 140, kila mmoja anabeba gramu 185. Hapa ndipo wengi wanaposimamisha hesabu na kupiga makofi, lakini haijaisha. Basi hilo baada ya kushusha Kivukoni linarudi Kimara kufuata wengine, na saa hizo hakuna anayekwenda Kimara. Tuseme linarudi na watu 20. Sasa ni kilo 52 kwa watu 160, yaani gramu 325 kwa kichwa. Bado ni chini ya sehemu ya kumi na nne ya gari lenye mtu mmoja, na hii ndiyo namba ya kushika, kwa kuwa imelipa na safari tupu.

Basi refu linaanza kuwa hasara kwa hewa pale tu linapobeba watu pungufu ya sita. La mita 12, linalokula kama lita 40 kwa kilomita 100, linalingana na gari la mtu mmoja likiwa na watu wasiofika wanne. Anayesema saa nne ya asubuhi mabasi yanapita na viti vitupu, kwa hiyo ni uharibifu, basi ahesabu vichwa kwanza. Watu kumi na watano ndani ya basi linaloonekana tupu bado wamewashinda madereva kumi na watano wa pembeni.

Kuna jambo tunalilazimika kulisema ingawa linaipunguzia mwendokasi sifa. Ukiilinganisha na daladala, kwa hewa ukaa pekee, tofauti ni ndogo sana. Daladala ya aina ya Coaster inayokwenda kilomita 6 kwa lita ya dizeli inatumia lita 2.7 kwa umbali uleule, kilo 7 na kidogo. Ikiwa na watu 35, wa kukaa na wa kusimama, ni gramu 200 kwa kila mtu, dhidi ya zile 185 za basi kabla ya kuhesabu safari tupu. Daladala iliyojaa ni chombo safi kuliko gari lolote la binafsi linaloipita kwa honi. Kinachoitofautisha mwendokasi ni masizi na nafasi. Basi moja refu linachukua kazi ya Coaster nne, yaani injini moja badala ya nne, na halisimami nje ya kituo kugombania abiria mmoja huku injini inanguruma. Bodaboda nayo, kwa hewa ukaa tu, haiko mbaya: kilomita 40 kwa lita inatoa chini ya kilo moja kwa safari hiyo. Ila moshi wake hausafishwi kama wa gari zima, kelele yake kila mtu anaijua, na Morogoro Road, inakopita njia hii, si barabara ya kumshauri mtu apakizwe kilomita 16 kila siku.

Kwa hiyo kuacha gari na kupanda daladala nako ni kuokoa hewa. Shabaha ya hesabu hii ni lile gari lenye mtu mmoja.

Nafasi inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayozaa moshi mwingine. Watu 140 wa basi moja wakipanda magari, kwa wastani wa mtu mmoja na nusu kwa gari, ni zaidi ya magari 90. Yakisimama kwenye foleni, kila moja linakula mita 6 pamoja na mwanya wa mbele, na mstari wake unapita nusu kilomita. Basi lenyewe ni mita 18. Ule mstari wa nusu kilomita haukai kimya. Kila injini inaunguza kati ya nusu lita na lita nzima kwa saa bila kusogea, zaidi AC ikiwa imewashwa, na Dar hakuna anayeizima. Halafu magari hayo tisini yakifika mjini yanatafuta pa kulala hadi jioni. Eneo la gari moja kuegesha, pamoja na njia ya kuingilia na kutokea, ni kama mita za mraba 25. Yale tisini yanadai sakafu ngumu inayokaribia theluthi ya uwanja wa mpira. Juani sakafu hiyo inatunza joto mpaka usiku, na mvua ikinyesha haiingizi maji ardhini. Yale madoa meusi ya oili unayoyaona chini ya kila gari lililozeeka yanasombwa na maji hayohayo kwenda mferejini, mtoni, na mwisho kwenye mikoko ya mlango wa Msimbazi pale Salenda.

Mwenye gari ana chanzo kingine cha uchafuzi ambacho hakisomi kwenye geji ya mafuta: gesi ya AC. Gari dogo linajazwa kama nusu kilo ya R134a. Gesi hiyo ikivuja, kilo moja inapasha dunia joto sawa na zaidi ya kilo 1,300 za hewa ukaa. Gari ambalo AC yake haipoi, fundi anaijaza, inapoa miezi kadhaa, kisha inarudi kuleta joto, maana yake gesi yote imeshatoka kupitia mpira au kondensa iliyotoboka. Kila mjazo uliovuja ni sawa na miezi mitatu ya petroli ya Kimara–Posta. Fundi anayejaza bila kwanza kutafuta tundu kwa maji ya sabuni au kwa rangi ya kumulika, amekuuzia ubaridi wa muda na hewa chafu ya kudumu. Mabasi nayo yana AC, na yana gesi nyingi zaidi kwa kila moja, lakini imegawanywa kwa mamia ya abiria kwa siku.

Sasa tuingie kituoni, kwa sababu michoro ya mwendokasi ina akili ambayo abiria wengi hawaioni. Simama Manzese au Magomeni Mapipa na uangalie basi likiingia. Jukwaa na sakafu ya basi viko kimo kimoja, milango ni mipana na inafunguka upande wa kulia, na nauli imeshalipwa getini kabla. Hakuna konda wa kudai chenji mlangoni, hakuna ngazi za kumpandisha mama mwenye mtoto mgongoni na mfuko mkononi, na mwenye kiti cha magurudumu anaingia bila kubebwa. Mambo yakienda sawa, basi linameza na kutema watu ndani ya nusu dakika. Kituo kina upana wa ziada ili basi la haraka lipite lililosimama. Kila kimoja kati ya hivyo kinaokoa mafuta. Basi lenye uzito wa tani zaidi ya 20 linatumia mafuta mengi kuliko wakati wowote pale linapoondoka kutoka kusimama, kwa hiyo mchoraji aliyepunguza mara za kusimama na sekunde za kusimama amefanya zaidi ya ambavyo injini ya kisasa ingefanya peke yake.

Ndiyo maana matatizo ya uendeshaji tunayahesabu kuwa matatizo ya mazingira.

La kwanza ni uhaba wa mabasi saa za msukumano, saa 12 hadi saa 2 na nusu asubuhi, na jioni kuanzia saa 10 mpaka usiku uingie. Basi likija limejaa tangu Kimara, abiria wa vituo vya Korogwe, Bucha na Baruti hawapati pa kuweka mguu. Wengine wanapanda kurudi nyuma hadi Kimara ili waanze safari wakiwa ndani, na hiyo ni safari ya pili kwa mtu yuleyule. Mwenye gari yeye hafanyi hivyo. Akikosa mara mbili katika wiki moja, wiki inayofuata anawasha gari lake, na mwezi mzima unaofuata kituoni haonekani. Hapo ndipo zile kilo 190 za mwezi alizokuwa anaziokoa zinaporudi hewani, kwa sababu ya basi moja au mawili yaliyokosa spea.

La pili ni mabasi kuongozana. Unasubiri dakika 25, halafu yanakuja matatu kwa pamoja, la kwanza limefurika, la tatu lina nafasi tele. Chanzo chake ni kidogo: basi moja limecheleweshwa kwenye makutano, tuseme pale ambapo askari wa usalama barabarani anayashikilia magari kwa mkono badala ya taa. Vituo vinavyofuata watu wameongezeka, kwa hiyo linakaa muda mrefu zaidi kila kituo na kuzidi kuchelewa. Lililo nyuma linakuta vituo vimeshafagiwa, linakwenda haraka, linalifikia. Dawa yake iko mikononi mwa chumba cha kuongozea: kulishikilia la nyuma dakika mbili kituoni, au kuligeuza la mbele kuwa la haraka liruke vituo. Bila mtu anayeangalia mwenendo wa mabasi yote kwa pamoja, dizeli ya mabasi matatu inafanya kazi ya moja na nusu.

La tatu ni uvamizi wa njia. Bodaboda wanapita, magari ya binafsi yenye haraka yanapenya, na kila mmoja anadhani yeye ni mmoja tu. Dereva wa basi akilazimika kushika breki kwa ajili ya pikipiki, kisha kulirudisha basi lililojaa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ameunguza mafuta ambayo yangeipeleka pikipiki ile kilomita kadhaa. Abiria waliosimama wanaangukiana, breki zinasagika, na vumbi lake, pamoja na la matairi, ni sehemu ya uchafu tunaovuta kando ya barabara ambayo hata basi la umeme lisingeiondoa yote.

Halafu kuna Jangwani. Barabara inavuka bonde la Mto Msimbazi mahali pa chini kabisa, na karakana ya mabasi iliwekwa palepale bondeni. Mvua za masika zikizidi, maji yanapanda, barabara inafungwa, na mabasi ya Kimara yanakatishwa Magomeni. Katika mafuriko ya Aprili 2018 maji yaliingia karakana na kuharibu mabasi yaliyokuwa humo. Basi likiingiwa na maji ya mtoni si suala la kukausha viti: maji yanaingia kwenye ekseli na giaboksi na kuchanganyika na oili, masanduku ya umeme chini ya sakafu yanapata kutu, na nyaya zinaanza kusumbua miezi baadaye, moja moja. Daraja jipya la Jangwani na kuhamishwa kwa karakana vimo ndani ya mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kwa maoni yetu hakuna uwekezaji mwingine kwenye njia hii unaoshinda huo kwa kupunguza moshi, maana ndiyo unaoamua kama huduma ipo au haipo kwa wiki kadhaa za mwaka, tena wiki ambazo foleni ya magari ni mbaya kuliko zote.

Moshi wenyewe wa basi unaweza kuusoma ukiwa umesimama kituoni. Basi zuri la dizeli linaondoka na ukungu mwepesi unaopotea mara moja. Moshi mweusi unaoendelea hata baada ya kushika mwendo unasema mafuta ni mengi kuliko hewa: nozeli zinazopuliza mafuta zimechoka, chujio la hewa limeziba, au mpira wa tabo (turbo, kipuliza hewa cha injini) umepasuka. Wa bluu ni oili inayoungua, ringi au tabo zimekwisha. Mweupe mzito wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Mweusi ndio wa kuukasirikia zaidi, kwa kuwa masizi yanaingia kifuani mwa aliyesimama jukwaani. Tangu 2015 dizeli ya Afrika Mashariki inatakiwa isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni, ambayo ni hatua kubwa kwa mapafu, lakini dizeli safi haiokoi nozeli iliyokufa. Abiria anayeona basi lilelile likitoa moshi mweusi siku kadhaa, aandike namba ya basi, kituo na saa, kisha ampe msimamizi wa kituo. Malalamiko ya kwamba mabasi yanatoa moshi hayana pa kuanzia. Namba ya basi fundi anaitafutia faili.

Kwa njia ya pili, ile ya Barabara ya Kilwa kwenda Mbagala yenye kilomita 20.3, yameletwa mabasi ya gesi asilia. Uamuzi huo tunauunga mkono kwa sababu moja kubwa: masizi karibu hakuna. Kwa hewa ukaa faida ipo lakini si kubwa kama matangazo yanavyopenda, kwani injini ya gesi haibani matumizi kama ya dizeli, na methani, ambayo ndiyo gesi yenyewe, ikivuja kwenye viungo au wakati wa kujaza inapasha joto mara nyingi kuliko hewa ukaa. Basi la gesi linataka ukaguzi wa mitungi na viungio uliopangwa kwa ratiba, na vituo vya kujazia vilivyo karibu na karakana. Foleni ya mabasi kujaza gesi ni mabasi yaliyopungua barabarani, na tumeshaona hapo juu kupungua kwa basi moja kunavyorudisha watu kwenye magari.

Turudi kwa mwenye gari anayetaka kujaribu. Siku ya kuanza usichague Jumatatu, wala siku ya mvua. Anza Jumanne au Jumatano, uwe kituoni kabla ya saa 12 na nusu, au ukiweza kuingia kazini saa 4, nenda baada ya saa 3. Nunua kadi na uiwekee nauli za wiki nzima. Dirisha la tiketi lenye watu thelathini ndilo linalokula muda ambao basi limeuokoa. Soma maandishi ya mbele ya basi kabla ya kukimbilia mlango: Kivukoni, Gerezani na Morocco yanapita Magomeni yote, na aliyepanda la Morocco kwa makosa anagundua akiwa kituo cha Kanisani. Kariakoo shuka Gerezani au Msimbazi. Anayekwenda Kigamboni afike Kivukoni mwisho, feri iko mwendo wa dakika chache kwa miguu. Wa Masaki na Mikocheni, tawi la Morocco linawasaidia nusu tu, na wanatakiwa kuhesabu nauli ya chombo cha pili.

Anayekaa Mbezi au Kibamba ana mtego wake. Akiendesha gari hadi Kimara na kuliacha maegesho ya kulipia, ameshaokoa sehemu kubwa, lakini zile kilomita chache za kwanza ndizo chafu kuliko zote. Injini ya baridi inamimina petroli nyingi, na kile kikopo cha kusafishia moshi kwenye ekzosi hakifanyi kazi mpaka kipate moto, endapo bado kipo, maana magari mengi yameshatolewa cha kwao kikauzwa chakavu. Mabasi mlisho, yanayoleta abiria kituoni, au daladala ya kufika Kimara ni bora. Kupanuliwa kwa barabara ya Kimara–Kibaha, kilomita 19.2 kwa njia nane, kumewarahisishia wengi kuendesha hadi Kimara, na hapo wanajikuta wameshakaa ndani ya gari na wanaona afadhali wamalizie. Barabara pana huita magari. Wanaopanga jiji wangeweka maegesho makubwa, nafuu na yenye ulinzi pale Kimara, nafasi yake ikilipwa kwa kadi ileile ya basi, wangepata abiria ambao leo hawawapati.

Siku za mzigo, za mgonjwa, au za kupeleka watoto watatu shule tatu, tumia gari bila kujilaumu. Likiwa na watu wanne linashuka hadi kilo 1.15 kwa kila mmoja, na jirani wanne wa mtaa mmoja wanaoelekea Posta wakipokezana magari wanapunguza moshi wao kwa robo tatu bila kusubiri basi lolote. Kinachobeba uzito ni zile siku 15 au 16 za mwezi ambazo huna mzigo wala mgonjwa. Kwa fedha, weka bei kikomo ya petroli ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, izidishe kwa lita 4, ongeza ushuru wa maegesho, kisha toa nauli mbili. Kwa petroli ya shilingi 3,000 kwa lita, mafuta pekee ni 12,000 kwa siku.

Na asubuhi za masika, kabla hujatoka, uliza hali ya Jangwani. Ikiwa imefungwa, usipande la Kivukoni kwa matumaini kwamba maji yatashuka ukiwa njiani, maana utashushwa Magomeni na umati wa mabasi matano. Tawi la Morocco nalo liangalie, kwa kuwa pale Mkwajuni ni bondeni pia. Shuka Ubungo, chukua daladala za Barabara ya Mandela kupitia Buguruni, uingie mjini kwa upande wa Ilala. Ni mzunguko na ni polepole, lakini ni Coaster yenye watu 35 kwa lita zake tatu, na gari lako limebaki nyumbani.